Kichupa cha Shilingi Arobaini

Kila asubuhi, kabla hata ya kuwasha stovu, Lornah alifungua kichupa chake cha krimu, akachota kwa ncha ya kidole na kujipaka usoni kwa miduara midogo, kama karatasi ya maelezo ilivyoagiza. Jumatano hiyo kidole kilisimama hewani. Jana alikuwa ameisawazisha krimu kwa kisu cha siagi. Leo ilikuwa na alama za vidole viwili.

Chumba chao cha mtaani Kabiria kililala watu wawili tu. Wa pili, Mabruka, alikuwa dirishani akivaa buibui lake la kazini. Mtu wa Lamu, mpole, mpiga chapa mwenzake katika ofisi moja ya mjini, asiyegusa hata sukari ya mwenziwe bila kuuliza. Na ngozi yake ilikuwa nyororo kupita kiasi. Sasa Lornah alijua kwa nini.

Alifunga kichupa, akaenda kuwasha stovu.

Alikuwa amekinunua kwa shilingi arobaini, mshahara wake wa wiki nzima, katika duka la Bwana Zadock, nyuma ya Mtaa wa Bazaar. Mafuta ya bei nafuu yalikuwepo, lakini Zadock alimweleza kwamba ngozi iliyosoma chuo haipakwi vitu vya sokoni. Kwa wiki mbili uso uliwaka moto na kubambuka. Zadock akafurahi sana: huo ni uchafu unatoka. Lornah, aliyeoga mara mbili kwa siku tangu utotoni, alishangaa kujua alikuwa mchafu kiasi hicho.

Mabruka peke yake ndiye aliyethubutu kumwuliza kama hiyo ni krimu au makaa. Lornah akamjibu kwamba vitu vya maana vina uchungu wake, na waliozoea rahisi hawawezi kuelewa.

Wiki ya tatu uchafu ukaisha. Uso ukapoa, ukalainika, ukang'aa. Hata ile harufu kali ya waridi ilitoweka; Zadock alisema krimu ya daraja la juu haijitangazi. Lornah alipomwambia kwamba kichupa cha mwezi mmoja kinaingia mwezi wa tatu, Zadock alikohoa kidogo, kisha akaliandika hilo kama ushuhuda.

Ndipo akaja na wazo la picha. Lornah apigwe akitabasamu, kichupa shavuni, ibandikwe kwenye kioo cha duka. Malipo yangetosha karo ya mdogo wake Hannah, aliyerudishwa nyumbani Kakamega tangu mwanzo wa muhula. Sharti lilikuwa moja: Jumamosi saa nne, uso usiwe na doa hata moja. Zadock akamkabidhi na kichupa kipya, akifungue asubuhi ya picha ili ang'ae barabara.

Jioni ya Jumatano hiyo Lornah alikifungia sandukuni, akauvaa ufunguo shingoni, na kuhakikisha Mabruka anaona. Jioni zote zilizobaki alizungumza na ukuta, kuhusu watu wa dini wanaopenda uzuri wa bure. Mabruka alipiga pasi, akapika chai ya watu wawili.

Jumamosi Lornah alikaa mbele ya kioo, akafungua kichupa kipya. Harufu ya waridi ikajaa chumba.

"Nakuonea huruma, Mabruka," alisema. "Ungeniomba tu, ningekupa. Kuiba ni kwa nini?"

Akachota. Kabla kidole hakijafika shavuni, Mabruka aliudaka mkono wake na kuung'ang'ania. Alifanya hivyo yeye ambaye hata akikanyagwa na mtu, huomba radhi yeye.

"Usijipake hiyo, shoga, itakuchoma tena. Ile ya kwanza niliitupa chooni, siku ile uliyolia ukidhani nimelala." Akakisukuma kichupa kando. "Sikuchota hata mara moja. Nilikuwa nikijaza. Hayo yaliyo usoni mwako ni mafuta ya kukamulia ng'ombe, ya senti themanini."