Harufu ya Baba

Alikuwa ndiyo kwanza ametoka kuoga, taulo kiunoni, mkewe alipomnusa begani na kucheka. "Yale yale, baba watoto. Kumbe dampo lilikuwa linakusubiri bafuni."

Alikuwa dereva wa tingatinga. Kutwa alisukuma taka kwenye dampo la mtaani kwao, juu ya yale majimaji meusi yanayovuja chini ya rundo na kupotelea ardhini. Basi harufu yoyote mbaya nyumbani alibebeshwa yeye. Watoto walimwita Bwana Uvundo. Naye alicheka nao, akabadilisha sabuni, akajisugua mpaka ngozi ikawasha, akawa anakula karibu na mlango asije akawakera.

Lakini leo alikuwa ametoka kwa dada yake, mji mwingine, alikomalizia likizo yake yote. Alipofika, mkewe alimkumbatia akasema amerudi mwanamume mpya, ananukia. Kisha akamtekea maji ya kisima cha uani.

Alinusa kiganja chake. Mayai viza na chuma chenye kutu. Akanusa taulo. Akarudi bafuni, akainamia ndoo: harufu ile ile.

"Umedondosha nini humo?" mkewe aliuliza.

Kutoka sebuleni alimsikia mama mkwe akimbembeleza kitindamimba wao: "Kunywa, mume wangu, maji ni afya."

Alikimbia akilishikilia taulo kiunoni. Mtoto alimwona, akatabasamu, akakipindua kikombe juu chini kumwonyesha baba kwamba hakubakisha hata tone.