Muda wa Kumfundisha Binti

Haya niliambiwa na binti mwenyewe, juzi, tukianua nguo.

Mama yake alikuwa muosha maiti. Siku ya majibu ya vipimo walikaa mbele ya daktari kijana, naye alizungumza na binti tu, kana kwamba mama ni mzigo ulioletwa.

Mwishowe akainama, akamgusa mama shavu. "Bibi yangu mzuri, ni kiuvimbe kidogo tu. Tutakipa dawa kilale. Usikichoshe hicho kichwa chako, sawa?"

Mama akafungua kifungo cha gauni. Akaweka vidole viwili chini ya titi la kushoto, pale ngozi ilipokunjamana kama ganda la chungwa.

"Mwanangu, hiki nimekiosha kwenye vifua vya wanawake kumi na mmoja. Mwisho wake naujua. Nisichokijua ni muda, na huyu binti bado sijamfundisha kazi. Niambie kama unavyomwambia mtu mzima."

Daktari akaweka kalamu mezani. Akavuta kiti mpaka mbele ya mama.

"Miezi mitatu, mama. Ikizidi sana, minne."

"Ahsante. Itatosha."

Walipofika nyumbani mama alijilaza, akamwagiza binti beseni la maji ya vuguvugu.

"Anza mkono wa kulia. Usinisugue kama sufuria. Shingo ishike wewe, maiti hajishiki."

Binti akaosha huku machozi yakimdondoka. Alipofika miguuni, mama alikuwa ameshasinzia. Akamkausha vidole kimoja kimoja, akajilaza ubavuni pake na gauni lake lililolowa, naye usingizi ukamchukua.