Ngozi ya Chui kwenye Zizi Letu

Zablon alichagua picha ya ngozi ya chui yenye madoa yaliyokolea kuliko zote, akaandika chini yake: "Inauzwa. Mteja wa kweli tu." Akabonyeza. Ilikuwa Ijumaa saa saba mchana, na wenzake wa ofisini pale Mtumba walikuwa wamekwenda kula.

Tangazo likatokea kwenye Zizi Letu, kati ya beberu wa Kongwa na ndama wawili wa Bahi. Jina la muuzaji lilikuwa la kubuni.

Zizi Letu ilikuwa tovuti ya mdogo wake, Obedi. Wafugaji wa Dodoma nzima waliuza na kununua mifugo humo, na Zablon alikuwa amechoka kuisikia. Wenzake ofisini walinunua humo mbuzi wa sikukuu. Mkewe aliisifu. Mama yao kule Gulwe, asiyejua hata kufungua simu ya kupangusa, aliitaja kila walipoongea. Zablon ndiye mzaliwa wa kwanza, ndiye aliyesomeshwa, na sasa wivu ulikuwa unamla mzimamzima.

Utotoni haikuwa hivyo. Marehemu baba yao hakukubali mdogo awe na mfugo wakati mkubwa hana. Obedi alipopewa mtamba na mjomba wao, mtamba yule alihesabiwa kuwa wa Zablon, na Obedi akamchunga bila kununa. Zablon aliikumbuka miaka ile kwa hamu.

Siku hizi Obedi alimjia kwa vishida vidogovidogo tu. Mwezi wa pili alifika Mkonze, nyumbani kwa Zablon, na bahasha nene.

"Shikamoo, kaka. Naomba sahihi yako na namba ya kitambulisho."

"Marahaba. Weka hapo."

Zablon alidhani ni udhamini wa fremu ya ofisi. Alisaini kurasa zote bila kusoma hata mstari, macho kwenye televisheni. Kuzisoma kungekuwa ni kumpa Obedi umuhimu.

Lakini sheria aliijua. Kwenye semina moja ya ofisini aliambiwa kwamba mtumiaji anaweza kujificha nyuma ya jina la uongo, ila mwenye tovuti hana pa kujificha. Akijulishwa kuna tangazo haramu na asiliondoe, mzigo ni wake. Basi Zablon akatuma malalamiko kwenye tovuti, akijua fika kwamba Obedi keshakwenda Gulwe, na kwa mama yao mtandao ni wa kubahatisha. Jumamosi mchana chui bado alikuwa palepale. Akapiga simu polisi, hakujitaja jina.

"Huyo muuzaji tutampataje?" askari akauliza.

"Achaneni na muuzaji, afande. Mtafuteni mwenye tovuti. Si jina lake liko kwenye usajili? Kesho mtamkuta Gulwe, kwa mama Matonya."

Jumapili naye akaenda. Mama alikuwa amemwita tangu wiki iliyopita: "Usikose, mwanangu. Kuna jina litatajwa mbele ya watu." Zablon alijua ni jina gani. Miaka hii lilikuwa ni Obedi tu.

Mbuzi alikuwa ameshachinjwa, majirani wameketi kwenye mikeka. Obedi alimpokea begi, akamkalisha kwenye kiti cha baba yao. "Kaa hapa, kaka. Leo ni pako." Moyo ukamchoma Zablon kidogo, lakini hakuinuka.

Mara gari likasimama uani, wakashuka wanaume wawili waliovaa kiraia. Mama, ambaye macho yake hayakuona vizuri tena, akawakaribisha akidhani ni wageni wa Obedi kutoka mjini.

"Ahsante, mama. Tunamtafuta mmiliki wa Zizi Letu."

Zablon alikuwa wa kwanza kusimama. Alinyoosha kidole hata kabla hajaulizwa. "Huyu hapa. Mdogo wangu, Obedi."

Obedi akatabasamu, akatazama chini.

Askari akafungua karatasi ya usajili, akasoma jina la mmiliki kwa sauti iliyosikika hadi kwenye mikeka ya nyuma:

"Zablon Matonya, mkazi wa Mkonze."

Mama, aliyekuwa akilisubiri jina hilo tangu asubuhi, akapiga vigelegele.