Mnyororo wa Mpima Ardhi

Kila Kingu alipoutazama mtama wa mdogo wake uliostawi shamba la jirani, alimwonea wivu. Mwishowe alikwenda kwenye baraza la mtemi akadai mdogo wake amesogeza mpaka.

Serikali ya Mwingereza ikamleta mpima ardhi kijijini kwao, Kinyangiri. Akavuta mnyororo wake wa chuma kutoka jiwe la mpaka hadi jiwe la pili. Haukuugusa mtama. Mnyororo ulipita ndani ya nyumba ya Kingu, ukalala juu ya kizingiti. Kuku akauruka.

"Kuanzia mlangoni hapa, upande huu wa nyumba ni kwa mdogo wako," alisema mpima.

Mdogo wake aliinamisha kichwa. "Kaka, nilijua tangu unajenga. Nikanyamaza."

Hata upole ule, Kingu aliuonea wivu.