Mama Mkwe wa Majaribio

Fundi wa programu alishuka ngazi za ofisi mbiombio, kamba za viatu zikiburuzika, huku akimpigia mkewe. Simu haipatikani. Ameshausoma ujumbe, aliwaza.

Kisa chenyewe ni chepesi, na ndicho kinachoudhi. Ofisi ya pensheni ilitaka programu ambayo, mzee akifariki, itatuma rambirambi yenyewe kwa jamaa wa karibu. Kuijaribu kulihitaji mtu mwenye taarifa kamili kwenye orodha ya wastaafu, na fundi akamchagua mama mkwe wake. Wenzake wakamtania kwamba anamtafutia mkwewe kifo. Akawaambia watulie, atamnakili kwanza na kuigusa nakala tu.

Alianza na umri. Aliuweka kwenye kigeu kingine, kile kisanduku chenye jina ambamo programu huhifadhi kitu, akaupandisha hadi mia tatu. Umri wa kwanza haukutikisika. Basi akamweka mkwe mzima vilevile, jina, anwani na yote, kwenye kigeu cha majaribio. Penye "yu hai" akaandika "hapana".

Lakini katika programu namba hujinakili, taarifa za mtu mzima mzima hazijinakili. Alikuwa amempa mkwe yuleyule jina la pili tu, na ile "hapana" ikamwangukia mwenyewe. Rambirambi ikaenda moja kwa moja kwa mkewe, na nembo ya ofisi juu.

Ndani ya teksi hakukalika. Mkewe ni mjamzito, na hakuna anayempenda kama mama yake. Akampigia mkwe mwenyewe ili aongee na bintiye. Ikaita tu. Bibi yule simu huiacha chumbani kama pambo. Akagombana na dereva, akagombana na taa za barabarani, mwisho akashuka na kukimbia.

Alimkuta mkewe sakafuni jikoni, amelia hadi sauti imekauka, kaka yake amemshika mabega.

Fundi akapiga magoti. Maneno yakamtoka ovyo: kosa ni lake, mashine imesema uongo, mama hajafa, ni mzima wa afya. Kwa nafuu aliyoipata baada ya kutapika yote hayo, akaanza kucheka.

Mkewe akamtazama kama mtu asiyemjua.

"Mashine gani?" aliuliza. "Simu yangu haina chaji tangu asubuhi. Kaka ametoka hospitali sasa hivi. Mama amemfia mikononi."