Kwandu Akataa Kibuyu

"Kunywa," mama mkwe alimwambia Kwandu, akimsogezea kibuyu cha dawa chungu ya mizizi, ile ya kumharisha ili apungue. "Mume wako anarudi Jumamosi kutoka mafunzo ya mgambo. Akukute na tumbo hilo?"

Kwa siku tatu Kwandu alikuwa ameinywa na kushinda na kikombe kimoja cha uji. Tumbo lilianza kupungua kweli. Lakini mtoto wake wa miezi minne sasa alikuwa akinyonya, anaachia, analia, anashika tena.

Kwandu alilibinya titi. Likatoka tone moja tu, likaning'inia kwenye chuchu bila kudondoka.

Alilitazama tone lile kwa muda. Kisha akapokea kibuyu, akasimama mlangoni, akaimwaga dawa yote nje.

"Una wazimu?"

"Mayu, mama yangu, muuguzi wa zahanati aliniambia nile vizuri ninaponyonyesha. Mwili utapungua polepole, nikitembea na kupalilia pamba ya kijiji. Niliogopa kukukatalia. Leo siogopi."

"Na mwanangu akikucheka?"

"Acheke. Yeye ana meno ya kutafuna ugali. Huyu hana."

Akaketi, akampakata mtoto, akavuta bakuli la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa kwa karanga. Alikula bila haraka, huku mama mkwe amesimama akimtazama. Bakuli lilipokwisha, akamnyooshea mama mkwe kwa mikono miwili.

"Niongezee, mayu."