Dirisha Lisilopokea Noti

Kwa mara ya tatu, madamu wa dirisha la ada alizisukuma noti za Majid kwa rula ya mbao, kama mtu anayefagia makombo mezani.

"Baba, nimesema apana. Tangu mwezi wa kwanza hapa hatupokee noti. Lipa kwa simu."

"Na kwa simu banakata elfu sita!"

"Ndiyo, banakata elfu sita."

"Za nini? Feza ni yangu, simu ni yangu, kidole cha kubonyeza ni changu. Hiyo elfu sita inafanya kazi gani?"

Foleni ilicheka. Walikuwa wanafunzi wa chuo kidogo cha mtaa wa Mutanga Sud, chuo cha watu wenye kazi zao, wanaosoma saa ya chakula na jioni. Wengi walikuja kugongewa mihuri tu. Majid ndiye aliyekuwa na haraka. Saa ya ukutani ilisema tano na nusu. Saa sita kamili orodha ya waliolipa ingefungwa, na ambaye hakuwamo asingefanya mtihani wa leo. Mwaka wake mzima ungekwenda na maji.

Majid alikuwa fundi wa magari kule Zone Industrielle, mtaa wa viwanda, na alikuja na ovaroli lake, limelowa mafuta hadi kwenye kola. Laki tatu za ada alikuwa nazo, kamili. Elfu sita za makato ya simu hakuwa nazo, na hata angekuwa nazo asingezitoa. Juzi, mbele ya mafundi wenzake, aliapa kwamba hakuna mashine itakayomla hata faranga moja kwa kazi ya kupokea deni ambalo yeye mwenyewe hakukataa kulilipa. Mafundi walimpigia makofi. Makofi yale aliyasikia hadi leo.

"Mzee, lipa tu," alisema Vainqueur, kijana mrefu aliyesimama nyuma yake. "Mi nimekatwa mara mbili. Mara ya kwanza mtandao ulianguka, ada ikarudi, makato yakabaki kwao."

"Na ukanyamaza?"

"Ningemufokea nani? Simu?"

"Mi nimepata wa kumufokea. Huyu hapa."

Madamu hakuinua macho. Daftari lilikuwa wazi magotini mwake, na kila alipopata nafasi alilichungulia, midomo ikichezacheza.

"Fokea, baba. Ukimaliza, lipa kwa simu."

"Nionee huruma basi! Mwanafunzi wangu anasoma hata akikoroga uji. Wiki hii tumekunywa uji wa kuungua siku nne."

"Pole kwa uji."

"Mutoto wako yuko mwaka wa ngapi?" Vainqueur aliuliza.

"Baba, saa inaenda," madamu alidakia. "Hapa dirishani mi sina ndugu, sina rafiki. Na mukubwa wetu anaangalia." Alionyesha kwa kidevu mlango wa kioo nyuma yake, ambapo mhasibu mkuu alikunywa chai huku akiwatazama kama mtu anayeangalia mpira.

"We madamu, roho yako ni ya chuma!" alipaza sauti Christa, mama mmoja wa katikati ya foleni. "Mutu mzima analia!"

"Silii," alisema Majid. "Hii ni jasho."

Saa tano na dakika arobaini na tano. Rula ilimtoka madamu mkononi, ikaanguka chini. Alipoiokota, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Baba. Robo saa tu. Hicho kiapo chako kitaenda kukaa kwenye kiti cha mtihani?"

Majid aliitazama saa, akazitazama noti zake.

"Basi umeshinda. Lakini elfu sita sina."

Madamu alifungua mkoba wake, akatoa noti tatu za elfu mbili, akazisukuma kwa rula ileile. Foleni nzima ikapiga makofi.

"Nafuta neno langu!" Christa alipiga kelele. "Roho ya dhahabu!"

"Utanirudishia leo," madamu alimwambia Majid.

"Inshallah."

"Apana inshallah. Leo."

Majid alitoka mbio hadi kwa wakala wa pesa ya simu aliyeketi chini ya mwavuli langoni, akaweka noti zote, akarudi akihema. Zilibaki dakika tatu. Akajipapasa mifuko, mbele na nyuma.

"Namba ya mwanafunzi! Karatasi nimeisahau gereji!"

Madamu alimtajia tarakimu tisa bila kufungua rejista.

"Huyu anajua namba za chuo kizima!" Vainqueur alipiga mluzi.

Majid alibonyeza. Simu ikafikiri. Watu wote wakaiinamia, hata waliokuwa mwisho wa foleni. Ikafikiri tena. Kisha ujumbe ukalia, na madamu akaigonga risiti muhuri kwa nguvu hadi kalamu ikaruka mezani.

Walishangilia kama limefungwa goli.

"Banatukula!" Majid alipaza sauti, mikono juu. "Banatukula, lakini leo tumepita!" Akaondoka akiimba, akamgongea kila aliyempita kiganja chenye mafuta.

Saa sita kamili madamu alishusha pazia la dirisha. Wengine wangesubiri hadi saa nane, na hakuna aliyenung'unika. Alivuka ua mbio, daftari kwapani, risiti mkononi, hadi chumba namba nne. Mwalimu aliyesimama mlangoni na orodha aliweka alama kwenye jina la mwisho kabisa.

"Zubeda, tulikuwa tunakungoja we tu. Nani amekuchelewesha?"

"Mume wangu, prof," alisema, akihema na kutafuta kiti. "Mutu mubishi, we!"